Mfumo wa NetBSD na Kazi ya Mwanaisimu: Utangulizi kwa Watumiaji Wapya

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuwajulisha walimu na watafiti wa lugha mfumo mmoja wa kuendeshea kompyuta uitwao NetBSD. Huenda msomaji akauliza jambo hili lahusu nini jarida la lugha. Jibu letu ni kwamba takriban kila afanyaye utafiti wa lugha siku hizi huandika, huhifadhi na huchambua data yake kwa kompyuta. Na ilhali sisi tu wepesi wa kuihoji kamusi au sarufi tuitumiayo, ni nadra kuihoji mashine iliyobeba data hiyo. Matokeo yake yanafahamika. Orodha za msamiati na hadithi zilizonakiliwa vijijini kwa taabu nyingi hubaki katika faili zisizofunguka, ama kwa sababu programu iliyoziandika haiuzwi tena, ama kwa sababu leseni yake imekwisha, ama kwa sababu kompyuta yenyewe imehesabiwa kuwa imezeeka.

Hoja yetu ni hii: NetBSD ni mfumo uliojengwa juu ya nidhamu moja, yaani kutenga kile kilichofungamana na mashine fulani na kile kisichofungamana nayo. Nidhamu hiyo ndiyo iliyouwezesha mfumo huo kudumu huku mashine zikija na kupita. Na ndiyo hiyo hiyo iwezayo kuihifadhi data ya lugha zetu. Kwa hiyo tutaueleza mfumo wenyewe, asili yake, namna ya kuuanza, na matumizi yake katika kazi ya mwanaisimu. Hatutaficha kasoro zake.

Kuhusu istilahi, tumetumia neno kompyuta, ingawa katika shule za Kenya neno tarakilishi limeenea, na kule Tanzania neno ngamizi liliwahi kupendekezwa. Majina ya amri tumeyaacha jinsi yalivyo, kwa kuwa mtumiaji atalazimika kuyaandika hivyo hivyo.

2. Mfumo endeshi ni nini?

Kompyuta bila programu ni chuma tu. Mfumo endeshi ni mkusanyiko wa programu zinazosimama kati ya chuma hicho na mtumiaji. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Kiini ndicho kigawacho kumbukumbu, ndicho kipangacho zamu za programu zinazotaka kufanya kazi kwa wakati mmoja, na ndicho kijuacho jinsi ya kusoma diski, kupokea herufi kutoka kwenye kibodi na kupeleka habari katika mtandao. Nje ya kiini kuna zana nyingi ndogo ndogo: ya kunakili faili, ya kupanga mistari kialfabeti, ya kutafuta neno, na kadhalika.

Katika baadhi ya mifumo kiini na zana hutungwa na watu mbalimbali, kisha wengine wakaviunganisha. Ndivyo ilivyo kwa Linux, ambayo kwa asili ni jina la kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. NetBSD ni tofauti: kiini, zana za msingi na vitabu vya maelezo hutunzwa pamoja, katika hazina moja, na kundi moja la watu.

3. Asili yake

NetBSD ni mjukuu wa Unix. Unix ilianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, New Jersey, Marekani, kwa kutumia kompyuta ndogo aina ya PDP-7. Ni vyema wanalugha wakumbuke kwamba kazi ya kwanza ya Unix nje ya kundi la waasisi wake ilikuwa kazi ya maandishi. Mwaka 1971 ilitumiwa na idara ya hataza ya maabara hizo, ambako wapiga chapa waliandaa nyaraka za maombi ya hataza kwa programu ya kupangia kurasa.

Hata amri mashuhuri ya grep, itafutayo mistari yenye ruwaza fulani, inahusiana na uchunguzi wa matini. Brian Kernighan, aliyefanya kazi katika maabara hizo, ameeleza kwamba mwenzake Lee McMahon alitaka kuchunguza ni nani aliyeandika baadhi ya makala za Federalist, yaani zile insha 85 za miaka ya 1787 na 1788 zilizotetea katiba ya Marekani. Matini hiyo ilikuwa ndefu mno kwa kihariri kilichokuwapo. Thompson akaitoa sehemu ya kutafutia ndani ya kihariri hicho na kuifanya programu ya pekee. Kwa hiyo mwanaisimu anayetumia grep leo hakukiazima chombo cha wahandisi. Anakirejesha katika kazi kiliyoundiwa.

Mwaka 1973 Unix iliandikwa upya kwa lugha ya C. Kabla ya hapo mifumo mingi iliandikwa kwa lugha ya mashine yenyewe, na mashine ilipokufa mfumo nao ulikufa. Matini iliyoandikwa kwa C yaweza kufasiriwa, kwa programu maalumu, katika lugha ya mashine yoyote iliyo na mfasiri wake. Mwaka 1977 Unix ilihamishiwa kwenye kompyuta za Interdata, na kazi hiyo ilifanywa mahali pawili: katika maabara za Bell na katika Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia.

Kampuni ya AT&T, iliyomiliki maabara za Bell, ilikuwa imefungwa na makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani isifanye biashara nje ya mambo ya simu. Kwa sababu hiyo ilivipa vyuo vikuu Unix kwa ada ndogo, pamoja na matini yake asilia. Huko Australia John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales, aliichapa matini ya kiini hicho kwa ajili ya wanafunzi wake na kuiandikia ufafanuzi, takriban kama mhariri wa utenzi anavyoandika sherehe chini ya beti. Baadaye leseni ilikataza matini hiyo kufundishwa darasani, na kwa miaka mingi kitabu cha Lions kilisomwa kwa nakala zilizopitishwa mkono kwa mkono, hata kikaruhusiwa kuchapishwa hadharani mwaka 1996.

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walimu na wanafunzi walikuwa wakiongeza programu zao wenyewe. Toleo lao la kwanza, lililoitwa BSD, lilitoka mwaka 1978, na lile la mwaka 1983 lilieneza njia za mawasiliano ambazo ndizo msingi wa intaneti. Kufikia mwaka 1991 sehemu kubwa ya mfumo ilikuwa imeandikwa upya pasipo matini ya AT&T. Mwaka 1992 ikazuka kesi kuhusu umiliki, nayo ikamalizwa kwa maelewano mwaka 1994. Katikati ya misukosuko hiyo, mwezi Machi 1993, Chris Demetriou, Theo de Raadt, Adam Glass na Charles Hannum walianzisha mradi wa NetBSD. Silabi ya kwanza ya jina hilo yatokana na mtandao, kwa maana wajenzi wake walikaa mbalimbali na kushirikiana kwa njia hiyo.

4. Maana ya kuhamishika

Husemwa kwamba NetBSD ni mfumo unaohamishika. Hatumaanishi kwamba waweza kubebwa mfukoni, bali kwamba waweza kuhamishwa kutoka aina moja ya mashine hadi nyingine bila kutungwa upya. Umewahi kuendeshwa juu ya aina zaidi ya 50 za kompyuta: VAX za zamani, Amiga, Macintosh za kale, Sun, Raspberry Pi, na hata mashine ya michezo ya Dreamcast. Mwaka 2005 kampuni moja ya Marekani ilionyesha kibanio cha mkate kilichoendeshwa na NetBSD. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye hoja ndani yake.

Siri ya jambo hili yaweza kuelezwa kwa mfano wa kisarufi. Mwanasarufi akiieleza ngeli ya kwanza, haandiki sarufi moja kwa neno mtu na nyingine kwa neno mwana. Huitaja mofimu moja, kisha hueleza kwamba mbele ya irabu fulani hujitokeza kama mw-. Kanuni huandikwa mara moja, na yale yatokanayo na mazingira huwekwa kando. Wajenzi wa NetBSD hufanya vivyo hivyo. Programu iendeshayo kadi fulani ya mtandao huandikwa mara moja tu, kwa namna isiyodhani chochote kuhusu mashine. Yale yanayotofautiana, kwa mfano mpangilio wa baiti katika namba au njia ya kuifikia kadi, huwekwa katika tabaka dogo linalohusu mashine hiyo pekee. Mashine mpya inapotokea, tabaka hilo ndilo linaloandikwa. Sehemu kubwa iliyobaki haiguswi.

Kwa mtumiaji wa kawaida faida yake ni wazi. Kompyuta ya biti 32 ambayo mifumo mingi imekwisha kuiacha bado yaweza kupewa NetBSD na kutumika kuandikia, kuchambua data au kuwafundishia wanafunzi.

5. Maana ya uhuru

NetBSD hutolewa bure, lakini ubure si uhuru wote. Neno la maana ni leseni. Leseni yake, ambayo tangu mwaka 2008 imefupishwa kuwa na masharti mawili, humruhusu mtu yeyote kuutumia mfumo, kuunakili, kuubadilisha na hata kuuuza, mradi tangazo la hakimiliki pamoja na kanusho la dhamana vihifadhiwe, iwe anatoa matini asilia au programu iliyokwisha kufasiriwa.

Kwa idara ya chuo kikuu maana yake ni kwamba hakuna ada ya mwaka inayoweza kukosekana katika bajeti, wala kikomo cha idadi ya mashine. Lililo kubwa zaidi ni kwamba matini asilia iko wazi. Mtafiti akitilia shaka jinsi programu ilivyohesabu maneno, aweza kuisoma programu yenyewe. Katika taaluma yetu hatukubali hitimisho pasipo kuonyeshwa data; hapana sababu ya kukubali hesabu pasipo kuonyeshwa njia iliyotumika kuhesabu.

6. Jinsi ya kuanza

Mtumiaji mpya na azingatie hatua zifuatazo.

Kwanza, anakili kazi zake zote mahali pengine. Kusakinisha mfumo mpya kwaweza kufuta kila kilichomo katika diski. Ni afadhali kuanza na kompyuta isiyotegemewa.

Pili, apate mfumo kutoka katika tovuti rasmi ya mradi, akichagua toleo linalolingana na aina ya mashine yake. Toleo la 10.0 lilitolewa mwezi Machi 2024. Faili ipatikanayo huandikwa kwenye flashi, na kompyuta huwashwa kutokana na flashi hiyo.

Tatu, ataiona programu iitwayo sysinst, inayomwongoza kwa maswali. Haina picha, ni maandishi na orodha za kuchagua. Atapewa vifurushi: base ni cha lazima, man ndicho chenye maelezo ya amri, comp kina mfasiri wa lugha ya C, na text kina zana za kupangia maandishi. Mwanalugha asikiache hicho cha mwisho.

Nne, aweke nywila ya root, ambaye ndiye msimamizi mwenye mamlaka yote, kisha ajisajili kama mtumiaji wa kawaida. Kazi za kila siku zisifanywe kwa jina la root, kwani amri moja yenye kosa yaweza kuangamiza mfumo mzima. Mtumiaji anayetaka kuwa msimamizi kwa muda kwa amri ya su sharti awemo katika kundi liitwalo wheel.

Tano, ajue mahali pa kuuliza. Akiandika man sort, ataletewa maelezo kamili ya amri ya sort. Programu za ziada zinapatikana katika mkusanyiko wa pkgsrc, wenye programu zaidi ya 20,000, na huletwa kwa amri ya pkgin. Kwa mfano, pkgin install nano huleta kihariri chepesi kwa anayeanza.

7. Matumizi katika utafiti wa lugha

Falsafa ya Unix ni kwamba kila zana ifanye kazi moja vizuri, na kwamba zana ziunganishwe ili tokeo la moja liwe malighafi ya nyingine. Kiunganishi hicho ni bomba, ambalo Doug McIlroy alikuwa amelipendekeza tangu mwaka 1964 na likatiwa katika Unix mwaka 1973. Huandikwa kwa kistari wima.

Tuseme tunayo hadithi katika faili iitwayo hadithi.txt, na twataka kujua kila neno limetokea mara ngapi. Mwaka 1986 McIlroy alionyesha kwamba tatizo la namna hii laweza kutatuliwa kwa amri chache zilizounganishwa. Kwa Kiswahili twaweza kuandika hivi:

tr -cs "A-Za-z'" '\n' < hadithi.txt | tr A-Z a-z | sort | uniq -c | sort -rn

Amri ya kwanza huweka kila neno katika mstari wake. Ya pili hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Ya tatu huyapanga maneno. Ya nne huhesabu yanayofanana. Na ya tano huweka yaliyotokea mara nyingi juu.

Msomaji aione ritifaa iliyomo baada ya Z katika amri ya kwanza. Katika umbo lililozoeleka kwa Kiingereza haimo, na ikikosekana, neno ng'ombe hukatwa kuwa maneno mawili, ng na ombe, na ng'oa huzaa neno oa ambalo mwandishi hakulitumia. Aidha, programu nyingi za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na amri hii haitaitambua. Makosa kama haya hayatoi onyo lolote. Hutoa jedwali lililopangika vizuri na lisilo sahihi.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa lugha zenye herufi za ziada. Irabu ĩ na ũ za Gĩkũyũ huhifadhiwa kwa baiti mbili kila moja katika mfumo wa UTF-8, uliobuniwa na Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Amri ya tr yenye masafa ya A hadi Z haizijui, na italikata neno pale zinapotokea. Kwa lugha kama hiyo ni afadhali kutenganisha maneno kwa nafasi na alama za uandishi, badala ya kuorodhesha herufi za Kilatini. Somo ni kwamba zana zilizaliwa na mazoea ya lugha fulani, nasi hatuna budi kuyajua mazoea hayo kabla ya kuziamini.

Mfano wa pili ni wa mofolojia. Orodha ya kialfabeti haimsaidii sana anayechunguza viambishi tamati vya vitenzi. Lakini ipo amri iitwayo rev, igeuzayo herufi za kila mstari ili ya mwisho iwe ya kwanza. Tukiandika

rev vitenzi.txt | sort | rev

vitenzi vitapangwa kwa miisho yake: pigana na andikiana vitakaribiana, na pigwa, andikwa na pikwa vitasimama pamoja. Hali ya kutendana na ya kutendwa zitajikusanya zenyewe bila mtafiti kuandika programu yoyote.

Ili kazi hizi ziwezekane, data sharti iwe maandishi matupu, yaani faili yenye herufi peke yake pasipo mapambo ya programu fulani. Hapa nidhamu ya NetBSD yatuhusu moja kwa moja. Matini ya hadithi haifungamani na mashine. Aina ya chapa na ukubwa wa karatasi ni mambo ya kuwekwa kando. Mtafiti ayatengaye hayo aweza kuihamisha data yake kutoka mfumo hadi mfumo, hata kuiondoa katika NetBSD kwenyewe akitaka.

8. Kasoro zake

Haitakuwa haki kuusifu mfumo huu pasipo kutaja upungufu wake. Wajenzi wake ni wachache kuliko wale wa Linux, kwa hiyo baadhi ya vifaa vipya, hasa vya mtandao usiotumia waya na vya picha, huchelewa kuhudumiwa. Anayetaka mashine ya kutazamia filamu hataridhika. Tena, mtu aliyezoea kubofya picha atahitaji subira, kwani hapa ni lazima aandike amri, na amri moja ikikosewa herufi haitatii.

Kasoro ya mwisho inatuelekea sisi. Programu ya sysinst humwuliza mtumiaji lugha aitakayo, na hadi toleo la 10.0 aliweza kuchagua Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kihispania au Kipolandi. Kiswahili hakikuwamo. Jambo la kuzingatia ni kwamba ujumbe wote wa programu hiyo umo katika faili za maandishi, faili moja ya msingi kwa kila lugha, na mtu aweza kuzisoma na kuzifasiri pasipo kujua lugha ya C kwa kina. Wataalamu wa Dar es Salaam walikwisha kuonyesha njia walipoifasiri programu ya OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kazi iliyobaki si ya uhandisi. Ni kazi ya kuamua kama disk partition iitwe kizigeu, fungu au sehemu ya diski. Na ni nani afaaye zaidi kuamua hilo kuliko wasomaji wa jarida hili?

9. Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba NetBSD ni mfumo huru, uliozaliwa katika mazingira ya vyuo vikuu na kazi ya maandishi, na uliodumu kwa sababu wajenzi wake hawakuifunga kazi yao katika mashine moja. Hatumshauri kila mtu aache mfumo alionao. Twashauri mambo matatu: kwamba idara ichukue kompyuta moja iliyowekwa kando na kuijaribu, kwamba data ya lugha zetu ihifadhiwe daima katika maandishi matupu, pamoja na nakala nyingine yoyote itakiwayo, na kwamba darasa la istilahi au la tafsiri lipewe faili za sysinst ziwe zoezi la mhula. Zoezi hilo likikamilika vyema, halitaishia katika kabati la mwalimu. Litakuwa maneno ya kwanza atakayoyasoma mtu wa Lamu au wa Bungoma awashapo mashine yake.